Kutu ya Kimya Kimya: Homa ya Ini na Cheti Kinachofichwa Kabatini

Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humuumbua. Tumeanza na methali hii kwa sababu maradhi tunayoyazungumzia wiki hii yana tabia ya kujificha yenyewe, na aghalabu mwenye nayo huyasaidia kujificha zaidi.

Wapo ndugu zetu wengi wa Pwani waliofanya maskani Nairobi, katika mitaa ya Eastlands kama Tena, Umoja, Donholm na Buruburu. Huko Tena, kama ilivyo Mombasa na Malindi, zipo nyumba ambamo binti amejiandaa kwenda kufanya kazi Saudi Arabia au nchi nyingine ya Ghuba. Pasipoti iko tayari, wakala amekwisha kupiga simu, na kilichosalia ni cheti cha afya. Nchi za Ghuba huwapima wafanyakazi wageni kabla ya kuwapa ruhusa ya kuingia, na miongoni mwa maradhi yanayotafutwa ni homa ya ini aina ya B na aina ya C. Binti ambaye hajapata kuugua zaidi ya mafua huenda akaambiwa hapo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwamba damu yake ina virusi. Safari huvunjika siku hiyo hiyo.

Yanayofuata tunayajua. Cheti hutiwa kabatini, chini ya nguo. Majirani huambiwa kwamba viza imechelewa. Na kwa kuwa mwili hauumi popote, mwenyewe hujisemea kuwa labda mashine ya maabara ilikosea, au hununua kopo la unga wa "kusafisha ini" na kuamini kwamba mambo yamekwisha. Kukosa safari ni msiba unaoonekana, kwa hiyo nyumba nzima hulilia safari. Ini halina wa kulililia.

Nia yetu katika makala haya ni kueleza kinachotendeka ndani ya ini hilo katika miaka ya ukimya. Anayekifahamu atajua kwa nini cheti kile hakifai kufichwa, na kwa nini kopo lile la unga halitoshi.

Jina lisitupoteze

Kwanza tuweke sawa jina. Wengi wetu huita kila ugonjwa unaobadili rangi ya macho "homa ya manjano". Homa ya manjano hasa ni ugonjwa mwingine unaoenezwa na mbu, na una chanjo yake. Macho kuwa ya manjano ni dalili tu, na huweza kuletwa na sababu nyingi. Homa ya ini ni kuvimba kwa ini. Aina ya B na aina ya C husababishwa na virusi viwili tofauti, navyo vina uwezo wa kukaa mwilini miaka mingi.

Virusi vya aina ya B viligunduliwa katika miaka ya 1960 na daktari wa Marekani, Baruch Blumberg, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Julai, ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya aina ya B mwaka 2022, na milioni 50 wakiishi na aina ya C. Katika mwaka huo huo magonjwa haya mawili yaliua watu wapatao milioni 1.3. Bara letu la Afrika lilibeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya aina ya B.

Kwa hiyo aliyekutwa na virusi hivi si mtu wa ajabu mtaani. Jirani yake huenda anavyo pia, ila hajapimwa.

Vita visivyomalizika

Jambo la kwanza la kushangaza ni hili: virusi vya aina ya B, kwa kawaida, haviui seli za ini moja kwa moja. Huingia ndani ya seli, hutumia vifaa vyake kujizalisha, kisha hutoka na kuiacha hai. Madhara makubwa huletwa na vita baina ya virusi hivyo na kinga ya mwili wetu wenyewe.

Askari wa kinga wanapoitambua seli iliyovamiwa, huishambulia. Damu hujaa mahali pale, kemikali za kuita askari wengine humwagwa, na seli kadhaa hufa. Hali hii madaktari huiita mchochota. Mchochota wa siku chache ni neema, kwani ndio unaoponya kidonda cha kisu jikoni au mwiba mguuni: sehemu huvimba, huwa nyekundu, huuma, kisha hupoa. Mtu mzima anayeambukizwa homa ya ini aina ya B mara nyingi hushinda kwa njia hii. Chini ya 5 katika kila 100 ndio hubaki na virusi maisha yao yote.

Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume. Kinga yake bado haijapevuka, haimtambui adui, na virusi hupata makao. Watoto wapatao 90 katika kila 100 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa au katika mwaka wao wa kwanza hubaki na maambukizi sugu. Miaka hupita kwa utulivu, kisha kinga huamka, aghalabu mtoto akiwa amekuwa kijana au mtu mzima, na kuanza kupigana na adui aliyekwisha kujenga ngome. Haishindi, wala haikubali kushindwa. Mchochota uliopaswa kuwa wa wiki chache unakuwa wa miaka 20 au 30.

Kutu inavyolila ini

Hapa ndipo inapoingia kutu. Sisi tuliokulia karibu na bahari tunaijua vyema. Bati jipya likiezekwa nyumba iliyo ufukoni, upepo wa chumvi hulila kidogo kidogo. Mwenye nyumba haoni kitu mpaka mvua ya masika imdondokee kitandani. Kinachofanyika katika bati ni oksijeni kuungana na chuma na kukidhoofisha. Ndani ya mwili pia oksijeni, ambayo hatuishi bila yake, ina upande wake mkali.

Kila seli ina vijinu vidogo vinavyoitwa mitokondria, ambavyo huchoma chakula kwa oksijeni ili kutoa nguvu. Kama jiko lolote, vijinu hivi hurusha cheche: chembe za oksijeni zisizotulia, ambazo hugusa na kuharibu chochote kilicho karibu. Askari wa kinga nao hutengeneza cheche kama hizo kwa makusudi, kwa kuwa ndizo silaha zao. Katika mwili wenye afya, cheche huzimwa mara moja. Ini lenyewe ni ghala kubwa la kizimamoto kiitwacho glutathioni, pamoja na vimeng'enya vinavyofanya kazi naye bega kwa bega.

Katika maambukizi sugu mizani hii huharibika. Cheche huja kutoka pande mbili. Askari wa kinga huzirusha mchana na usiku, na virusi navyo huvuruga mitokondria ndani ya seli; protini fulani za virusi vya aina ya B na vya aina ya C zimeonekana zikifanya hivyo. Glutathioni hutumika haraka kuliko inavyotengenezwa. Hapo ndipo wanasayansi husema kwamba seli imo katika mkazo wa oksidi. Mafuta yanayojenga ukuta wa seli huchacha, protini hupinda, na hata maandishi ya vinasaba, yanayoiamrisha seli namna ya kuishi, huanza kufutika herufi moja moja.

Mchochota na kutu hulishana. Seli inayokufa kwa kutu humwaga vitu vinavyowaita askari zaidi, nao wakija huleta cheche zaidi. Pembezoni mwa mapigano haya zipo seli zenye umbo la nyota ambazo kwa kawaida hukaa kimya zikihifadhi vitamini A. Zikisikia kelele hizi huamka, huacha kazi yake, na kuanza kufuma nyuzi ngumu za kovu. Kovu moja si tatizo. Makovu ya miaka 20 hulifanya ini laini liwe gumu na lenye mafundomafundo, damu isipite vizuri ndani yake. Hiyo ndiyo sirosisi. Na seli zinazojizalisha upya kila siku kuziba mapengo, huku maandishi ya vinasaba vyake yakiwa yamechafuliwa, ndizo zinazoweza siku moja kugeuka saratani.

Kwa nini hasikii kitu?

Akina mama wengi huuliza: ikiwa kuna vita vikali namna hiyo, mbona mtu anapika, anafua, anapanda matatu kwenda kazini, na hasikii lolote? Ini lina akiba kubwa ya nguvu, hata sehemu ikiharibika iliyobaki huendelea kubeba kazi yote. Tena, ndani ya nyama yake ini halina mishipa ya kuhisi maumivu. Ni ngozi nyembamba iliyolifunika ndiyo inayohisi. Ndiyo maana tumbo kujaa maji, macho kuwa ya manjano, au kutapika damu huwa ni dalili za mwisho wa safari. Kujisikia mzima si ushahidi wa uzima. Ushahidi uko katika damu: kiasi cha virusi, na kiasi cha kimeng'enya kiitwacho ALT, ambacho humwagika kutoka katika seli za ini zinapoumia.

Kopo la unga wa kusafisha ini

Wafanyabiashara wamelisikia neno antioksidanti, yaani kitu kinachozima cheche tulizozieleza, nao wakatengeneza biashara. Hoja yao inavutia: ikiwa ini linaliwa na kutu, basi kunywa kiondoa kutu. Lakini kupangusa kutu huku upepo wa chumvi ukiendelea kuvuma ni kazi isiyokwisha. Chanzo ni virusi.

Nayo majaribio yamefanywa. Dawa maarufu kuliko zote za aina hii hutokana na mbegu za mbigili wa maziwa, nayo huuzwa kwa jina la silimarini. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio kwa wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C. Wengine walipewa silimarini kwa kipimo kikubwa, wengine vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 24. Hapakuwa na tofauti ya maana katika kimeng'enya cha ini baina ya makundi.

Hatusemi kwamba matunda, mboga za majani au habbat sauda ya kiasi cha chakula havina faida. Tunasema kwamba havichukui nafasi ya tiba, na kwamba mchanganyiko wa mitishamba usiojulikana kilichomo huweza wenyewe kuliumiza ini lililokwisha kuchoka. Kinywaji kimoja cha nyumbani ambacho tafiti nyingi zimekihusisha na makovu machache ya ini ni kahawa. Kahawa chungu ya Pwani haina ubaya, ila tuichunge sahani ya halua iliyo kando yake.

Vinavyochochea moto

Kuna vitu vinavyomimina mafuta juu ya moto huu, na kuviepuka ni sehemu ya tiba.

Cha kwanza ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Ini huibadilisha sumu hii ikawa kitu kinachonata katika vinasaba, na glutathioni ile ile iliyopungua ndiyo inayotegemewa kuiondoa. Mwaka 2004, katika sehemu za Ukambani zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafariki. Watafiti walipowalinganisha wagonjwa na watu wa maeneo hayo waliobaki salama, waliona kuwa homa ya ini aina ya B ilikuwa imeenea zaidi miongoni mwa walioumwa. Maadui wawili walikutana katika ini moja. Kwa hiyo punje yenye ukungu isiende kinuni kwa kuonea huruma shilingi. Unga mchungu au wenye harufu ya uvundo usiliwe.

Cha pili ni dawa za maumivu zinazomezwa kiholela. Parasetamoli ni salama kwa kipimo chake, lakini ikizidi huimaliza glutathioni ya ini na kuua seli. Mwenye homa ya ini amuulize daktari kipimo kinachomfaa.

Cha tatu ni mafuta ndani ya ini, yanayoletwa na unene, kisukari, soda na vyakula vitamu. Pombe Waislamu tumekatazwa, na wengi wetu hudhani basi ini letu liko salama. Ini lililojaa mafuta hutoa cheche zake lenyewe, hata kwa mtu asiyeonja pombe maishani.

Cha nne ni miraa. Madaktari wa London waliandika mwaka 2010 juu ya kundi dogo la wanaume watafunaji waliopata uharibifu mkali wa ini. Mwenye virusi hana sababu ya kujaribu bahati yake.

Tiba ipo

Homa ya ini aina ya C sasa hutibika kabisa kwa vidonge vya wiki 12, na zaidi ya 95 katika kila 100 hupona. Ya aina ya B bado haiondoki yote, lakini hutulizwa. Kidonge cha tenofovir, kinachomezwa mara 1 kwa siku, huzuia virusi kujizalisha. Virusi vikipungua, askari hutulia, cheche hupungua, na zile seli za nyota huacha kufuma makovu.

Habari njema zaidi ni kuwa makovu huweza kurudi nyuma. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 96 waliokuwa na sirosisi walichunguzwa tena baada ya miaka 5 ya kutumia tenofovir. Wagonjwa 71 miongoni mwao hawakuwa na sirosisi tena. Hakuna kopo la unga lililowahi kuonyesha hesabu kama hiyo.

Si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa mara moja. Daktari hupima ALT, wingi wa virusi na ugumu wa ini, kisha huamua. Wengine huambiwa warudi kupimwa kila miezi 6. Kurudi huko ndiko kutakakoonyesha siku vita vitakapopamba moto, kwa hiyo asiyepewa dawa asidhani amesahauliwa. Na aliyeanza dawa asiiache kwa hiari yake, kwani virusi huweza kurudi kwa ghadhabu. Kwa wakazi wa Tena na Umoja, hospitali ya umma ya Mama Lucy Kibaki iko karibu, na ni mahali pa kuanzia.

Ndani ya nyumba

Aina ya B huenea kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Katika Afrika wengi huambukizwa utotoni. Kwa hiyo mke anayekutwa na virusi kliniki ya wajawazito, au binti anayekutwa navyo kabla ya safari, yamkini alikuwa navyo tangu hajajua kusema. Cheti hicho si ushahidi wa zinaa, na si haki mtu kutuhumiwa au kuachwa kwa sababu yake. Mume naye apimwe. Akiwa salama achanjwe, na ndoa iendelee.

Kula sinia moja, kushikana mikono, kukumbatiana na kunyonyesha haviambukizi. Wembe, mswaki na mkasi wa kucha kila mtu awe na vyake, kwa maana virusi hivi huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Anayepiga hijama atumie wembe mpya na vikombe safi kwa kila mtu. Vivyo hivyo siku ya akika: wembe wa kumnyoa mtoto uwe mpya, haujagusa kichwa cha mwingine.

Mjamzito apimwe mapema. Akiwa na virusi vingi, daktari huweza kumpa tenofovir kumlinda mtoto, na mtoto apewe chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Mama mwenye virusi aiulizie chanjo hiyo kabla ya siku ya kujifungua, kwa kuwa ratiba ya kawaida ya Kenya huanza wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14.

Ama kuhusu saumu, mwenye virusi ambaye ini lake linafanya kazi vizuri kwa kawaida huweza kufunga, akipanga na daktari saa ya kumeza kidonge chake. Aliyefikia tumbo kujaa maji au kuchanganyikiwa ni mgonjwa, na dini imempa ruhusa mgonjwa. Asijione amepungukiwa kwa kuipokea.

Hesabu ya mwaka 2001

Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini aina ya B katika chanjo za watoto mwaka 2001. Faida yake haibishaniwi: Taiwan ilianza mwaka 1984, na ndani ya miaka 10 saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Lakini hesabu hii ina upande wa pili. Aliyezaliwa Kenya kabla ya mwaka huo hakuipata chanjo hii kliniki alipokuwa mchanga: akina baba, akina mama, mashangazi, na kaka na dada wakubwa.

Basi wiki hii, familia ikikusanyika baada ya maghrib, na ihesabu ni wangapi ndani ya nyumba walizaliwa kabla ya 2001, na ni nani miongoni mwao amewahi kupimwa. Atakayekutwa salama atachanjwa mara 3 ndani ya miezi 6. Atakayekutwa na virusi ataanza safari yake ya matibabu akiwa na watu wa kumsindikiza. Na kama ndani ya nyumba hiyo kuna cheti chini ya nguo, huenda jioni hiyo mwenyewe akapata nguvu ya kukitoa.